Kamera inayotegemea seva ya kampuni, zima intaneti kwanza uone

Mkuu, hiyo kamera ya mtumba unayotaka kufunga getini, ambayo muuzaji anasema haiwaki bila akaunti ya kampuni, mi ningeiacha kwanza. Umelipa hela yako alafu swichi iko kwa mtu mwingine, hapana aisee. Kuna kidude kilikuwa kinaitwa Revolv huko Marekani, cha kuendesha taa na vitasa vya nyumba, watu walitoa kama dola 300, Nest, kampuni ya Google ya vifaa vya nyumbani, wakaja kuinunua kampuni na Mei 2016 wakazima seva, yaani kompyuta za kampuni zilizokuwa zinakiendesha kupitia intaneti, basi kikawa pambo wakati hakina ubovu wowote. Ila Oktoba 2025 Google walipozikatia apu zile temostati za Nest za zamani, vile vidude vya kupanga joto la nyumba, ukutani bado unazungusha kwa mkono na joto linabadilika. Hivyo ndo inatakiwa, seva ikifa kitu kipungue makali sio kife chote. Najua seva zina gharama, hatuwezi kuwadai miaka yote, lakini kazi ya msingi ibaki ndani ya kifaa.

Sasa nenda dukani, mwambie aiwashe, alafu chomoa waya wa intaneti kwenye ruta wifi ibaki hewani, uone kama inaendelea kurekodi kwenye memori kadi na simu iliyo kwenye wifi hiyohiyo inaona picha. Kwenye setingi tafuta ONVIF au RTSP, hizo ni njia za pamoja za kamera kutoa video kwa vifaa vingine, ukizikuta mara nyingi utaiunganisha hata na rekoda ya kampuni nyingine. Na mwenye nayo wa zamani aitoe kwenye akaunti yake mbele yako, akileta stori ondoka.