Malindi mwezi wa Agosti: mawimbi yapo

Ndugu, umeuliza kama ukitoka Nairobi hadi Malindi mwezi wa Agosti utapata mawimbi ya kuteleza kwa ubao. Utayapata. Agosti bado ni kusi, msimu wa upepo wa kusini-mashariki, na ghuba ya Malindi haijakingwa na mwamba kama Diani ilivyokingwa, kwa hiyo wimbi linakuja mpaka mchangani. Ingia alfajiri, upepo ungali umelala na maji yametulia. Upepo ukishapanda, wimbi linavurugika, povu tupu. Angalia na mwezi pia. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa na kupwa sana, mkondo unavuta kwa nguvu. Wewe unayejifunza, ngoja maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana. Desemba si kama Agosti: ni kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini-mashariki, na tope la Mto Sabaki husukumwa ghubani. Tafadhali usiingie peke yako.