Mkutano Mkuu na kanuni zake: maswali ya wajumbe

Maswali yafuatayo yametoka kwa wajumbe na wanachama wa matawi ambao chama chao cha wafanyakazi kimetoka mkutanoni hivi karibuni, na karibu yote yanahusu kanuni za mkutano kuliko masilahi yenyewe. Majibu yanafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, pamoja na yale niliyoyaona miaka niliyokaa kwenye meza ya sekretarieti nikiandika mihtasari.

Hoja ya kuondoa ukomo wa vipindi vya uongozi iliibuka kwenye Mengineyo ikapita kwa makofi. Je, katiba yetu imeshabadilika?

Haijabadilika. Sheria inakitaka kila chama kilichosajiliwa kieleze ndani ya katiba yake namna katiba hiyo inavyorekebishwa, na hata marekebisho yaliyopitishwa kwa utaratibu sahihi hayana nguvu mpaka Msajili wa vyama vya wafanyakazi na waajiri ayaidhinishe. Zaidi ya hapo, katiba nyingi zinadai mapendekezo yawafikie wajumbe siku kadhaa kabla ya mkutano, kwa sababu mjumbe hawezi kulishauri tawi lake juu ya jambo asilolijua. Nimewahi kuona kipengele kizito namna hiyo kikigawiwa wakati wa chai, karatasi moja iliyokuwa bado na joto la mashine ya fotokopi, na wajumbe wakakisoma huku wameshika vikombe. Mengineyo ni mahali pa salamu za rambirambi, tarehe ya kikao kijacho na simu iliyookotwa msalani. Hoja ya ukomo wa uongozi ina ajenda yake, na anayeileta kwa mlango wa nyuma huwa anajua kwa nini hakupita mbele.

Kura ya kupandisha ada ilipigwa jioni ya siku ya mwisho, wajumbe wa mikoa ya mbali wakiwa wameshaondoka kuwahi mabasi. Tukaambiwa theluthi mbili imepatikana. Theluthi mbili ya nani?

Hili ndilo swali lenye mabishano mengi kuliko yote, na jibu lake limo katika maneno mawili matatu ya katiba yenu ambayo watu huyasoma harakaharaka. Katiba moja husema “theluthi mbili ya wajumbe wote”, nyingine “ya wajumbe waliohudhuria”, nyingine “ya kura halali zilizopigwa”. Tuseme wajumbe halali ni 300, waliokuwa ukumbini saa ya kura ni 160, na waliopiga kura halali ni 150. Kwa kipimo cha kwanza zinahitajika kura 200, ambazo hazipatikani hata kama ukumbi mzima ungeunga mkono. Kwa kipimo cha pili zinahitajika 107. Kwa cha tatu 100 zinatosha. Hoja ileile, siku ileile, hufa au hupita kwa neno moja.

Liko pia suala la akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe halali, ambalo ni tofauti na hilo la kwanza ingawa wengi huyachanganya. Orodha ya mahudhurio iliyosainiwa asubuhi haithibitishi akidi ya saa kumi na moja jioni, na daftari la posho ndilo halithibitishi kabisa, kwani mara nyingi lina saini nyingi kuliko vichwa vilivyomo ukumbini. Mjumbe mwenye shaka asimame kabla ya kura, aseme “Kuhusu utaratibu, Mwenyekiti”, na aombe wajumbe wahesabiwe na idadi iandikwe kwenye muhtasari. Akinyamaza mpaka matokeo yatangazwe, malalamiko yake yataonekana ni ya mtu aliyeshindwa, hata kama ana haki.

Tawi lilinituma nipinge ada mpya. Nilipomsikia mhazini nikashawishika, nikaiunga mkono. Sasa wanataka kuniondoa ujumbe. Wana haki?

Inategemea kama katiba yenu inakuhesabu kuwa umetumwa na msimamo au umechaguliwa utumie busara yako, na katiba nyingi zimekaa kimya juu ya hilo. Maoni yangu ni kwamba kama hoja ilikuwa kwenye makabrasha, tawi likaijadili na kuamua, ulifungwa na uamuzi huo. Kama hoja ilibadilishwa ukumbini, kwa mfano kiwango kikashushwa, ulikuwa huru kuipima upya. Mjumbe hauawi, ni kweli, lakini methali hiyo humlinda aliyeufikisha ujumbe, si aliyeubadilisha njiani. Hata hivyo, kuondolewa kwako nako kunahitaji kikao halali cha tawi, chenye taarifa na nafasi ya kujitetea, wala si makubaliano ya kundi la WhatsApp.

Mimi si mwanachama ila ninakatwa ada ya uwakala. Kwa nini nisipige kura juu ya kiwango chake?

Kwa sababu kura ni ya wanachama. Sheria inakiruhusu chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama wakatwe ada hiyo, kwa hoja kwamba nao wananufaika na mikataba ya pamoja, lakini imeweka mipaka: hulazimishwi kujiunga, kiwango hakiwezi kuzidi ada ya mwanachama, na fedha hizo ziwekwe katika akaunti ya peke yake kwa ajili ya masilahi ya wafanyakazi. Kwa hiyo mkutano ukipandisha ada ya wanachama, unakupandishia na wewe dari ya makato bila wewe kuwamo ukumbini. Unayo haki ya kulinung’unikia hilo. Ukitaka kulijadili, jaza fomu ya uanachama.

Mkutano Mkuu unaweza kutangaza mgomo?

Unaweza kuazimia kuutafuta. Mgomo halali unataka mgogoro upite kwanza kwenye usuluhishi, kura ya mgomo ipigwe kwa mujibu wa katiba na waliopiga kura wengi waunge mkono, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Watumishi wa umma wana masharti ya ziada.

Wazee wanasema enzi za JUWATA, Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, hapakuwa na malumbano haya. Ni kweli?

Yalikuwepo machache, lakini tazameni sababu. NUTA, chama pekee cha wafanyakazi cha wakati huo, ilipoundwa kwa sheria mwaka 1964, baada ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, kuvunjwa, katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Na JUWATA ya mwaka 1978 ilikuwa jumuiya ya chama tawala. Ambapo kiongozi hachaguliwi na ukumbi, ukumbi hauna sababu ya kubishania akidi. Malumbano mnayoyalalamikia yalirudi taratibu baada ya OTTU, shirika la vyama vya wafanyakazi lililochukua nafasi ya JUWATA, kuundwa mwaka 1991.

Katiba imevunjwa waziwazi na viongozi wanasema uamuzi wa Mkutano Mkuu ni wa mwisho. Tuende wapi?

Si wa mwisho ikiwa umevunja katiba. Mwanachama, au Msajili mwenyewe, anaweza kuiomba Mahakama ya Kazi itengue uamuzi au uchaguzi, au ikiamuru chama kifuate katiba yake. Mahakama itataka kwanza kujua kama mmemaliza njia za ndani, au kama ni kwa masilahi ya chama kwamba shauri lisikilizwe kabla hamjazimaliza. Anzeni basi kwa barua ya rufaa kwenye kikao kinachotajwa na katiba, na barua ya pili ya kuomba nakala ya muhtasari wa mkutano. Zote mbili mzipeleke kwa mkono, na nakala zenu zigongwe mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, kabla hamjaondoka mapokezi.