Wadudu wageni visiwani: idadi imeongezeka, mbona msitu unaharibika?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nasikia kila siku kwamba wadudu wageni wanaharibu visiwa, lakini mi naona kisiwa kikiwa na spishi mia halafu zikaja hamsini si ndo kimetajirika? Si tunasema mgeni njoo mwenyeji apone?

JIBU: Salama ndugu msomaji, na asante, maana swali lako wengi wanalo ila hawaulizi. Ukihesabu majina tu, uko sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba msitu hauendeshwi na majina, unaendeshwa na kazi: nani anakula majani makavu, nani anachavusha maua, nani anawinda wenzake. Bara kazi moja ina wafanyakazi wengi, akiondoka huyu yupo yule. Kisiwani walifika wachache, tena kwa bahati, kwa hiyo kazi nzima unaweza kukuta imebebwa na spishi moja. Hawaii kwa mfano haikuwa na sisimizi hata mmoja wa asili, na kuna viwavi kule wameacha kula majani wakawa wawindaji, wanatulia kwenye tawi kama kijiti halafu wananasa nzi!

Sasa angalia kisiwa cha Christmas, kile cha Australia kwenye Bahari ya Hindi. Mfanyakazi mkuu wa msitu pale ni kaa mwekundu, na kaa naye ni arithropodi kama mdudu, miguu ya viungo na gamba gumu. Wapo mamilioni mengi, wanakula majani yaliyoanguka na miche, sakafu ya msitu inabaki safi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakaingia sisimizi wa manjano, wakakaa kimya miaka mingi tu, mpaka 1989 ndo yakaonekana makundi yao makubwa ajabu. Hawaumi, wanarusha asidi, kaa anapofuka anakufa, na inakadiriwa wamekufa milioni 10 mpaka 20, wakiwemo waliokuwa wanapita tu kwenda baharini kuzaliana, yaani hata kule ambako sisimizi hawakufika kaa wakapungua. Miche ikaota ovyo, majani makavu yakarundikana, konokono wakubwa kutoka Afrika ambao kaa walikuwa wanawazuia nao wakaingia msituni. Inauma kwa kweli.

Na hao sisimizi hawakushinda peke yao. Kuna wadudu magamba, wageni pia, wanaofyonza miti na kutoa majimaji matamu, sisimizi wanayanywa na kuwalinda, pande zote mbili zinaongezeka. Spishi mbili zimeingia, ndio, ila kazi ya kaa hakuna aliyeichukua.

Ila sisemi kila mgeni ni adui. Mwaka 2016 wahifadhi wa kisiwa walileta makusudi kinyigu kidogo sana kutoka Malaysia, mrefu milimita 2 hivi, anayetaga mayai ndani ya wale wadudu magamba ili sisimizi wakose chakula. Kabla ya kumwachia walimpima kwanza kama atashambulia wadudu wengine wa kisiwa, na hapo ndo unaona tofauti yake na sisimizi: huyu kazi yake ilijulikana kabla hajaingia.