Maswali ya Kompyuta: Huyo Fundi wa Windows Asubiri Kwanza

Shikamoo fundi. Kompyuta yangu ya mezani nikiiwasha inalia "tii, tii, tii", kioo cheusi. Fundi wa mtaani anasema nilipe apige Windows upya. Nilipe? (Igoma)

Marahaba. Usilipe. Muulize ataipigaje kioo kikiwa cheusi. Mlio huo unatoka BIOS, programu ndogo inayoamka kabla ya Windows, na wakati huo kompyuta haijaigusa hata diski inayokaa Windows. Mara nyingi ni RAM, kile kibao cha kumbukumbu. Chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 15 umeme uliobaki uishe. Shika bati la kasha kwanza, ndipo uchomoe RAM. Sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cheupe cha penseli. Msasa hapana! Futa vumbi la kifutio, rudisha na ukandamize mpaka vibano vijifunge. Zikiwa mbili, jaribu moja moja, tena katika kila nafasi, kwani nafasi nayo hufa. Ikiendelea kulia, hesabu milio na uangalie maelezo ya mazabodi yako, ile bodi kuu ya ndani. Kila mtengenezaji ana hesabu yake, msiazime ya jirani.

Saa inarudi miaka ya nyuma kila nikizima, halafu tovuti zinakataa kufunguka. Ni virusi? (Nansio)

Ni betri ya saa, CR2032 ya volti 3, iko kwenye mazabodi. Weka mpya, upande wenye maandishi juu, rekebisha tarehe. Tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinapimwa kwa tarehe ya kompyuta yako.

Kompyuta yangu haiwaki, tatizo nini? (wengi, kila wiki)

Taa inawaka? Feni inazunguka? Inalia? Ilikuwaje mara ya mwisho? Swali lisilo na hayo sitalijibu tena. Na kabla ya kuniandikia, chomeka chaji ya simu kwenye soketi ile ile uone kama umeme upo. Wapo waliobeba kasha hadi mjini, kumbe ni ekstensheni.

Inazima yenyewe baada ya dakika chache, hasa nikicheza gemu. Nakaa Kirumba, dirisha linatazama ziwa. (Kirumba)

Dirisha ndilo jibu. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi hufuata taa usiku, na feni inawavuta ndani. Wakifa wanagandamana na vumbi kati ya mapezi ya kupozea prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hewa haipiti. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi, ikizidi huzima ili isiungue. Windows haihusiki hapa pia.

Zima, chomoa, fungua ubavu. Zuia feni kwa kidole isizunguke, toa uchafu kwa brashi laini ya rangi, iliyo kavu. Msiipeleke kwa wapuliza matairi: kompresa ile hutema maji. Kama kompyuta ina miaka kadhaa, ng'oa kipozeo, futa gundi ya joto (thermal paste) iliyokauka kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati ya prosesa. Ukijaza, itamwagika pembeni. Halafu funga wavu wa dirisha, au zima taa mapema.

Nimeletewa kompyuta kutoka Marekani. Nilipoichomeka tu ikapiga "paa!" na moshi. (Buhongwa)

Nyuma ya pawasaplai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, kuna swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Yako ilikuwa 115, umeme wetu ni 230. Nunua pawasaplai nyingine. Ukibahatika mazabodi imepona. Usiifungue iliyoungua, ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomolewa. Na mnaodhani UPS ndogo, lile betri la akiba umeme ukikatika, ni jenereta: inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Printa ya leza msiichomeke humo.

Inaandika haioni diski ya kuwashia. Ndani nasikia "tak, tak". Fundi anataka kufomati. Nina picha za harusi humo. (Nyakato)

Zima sasa hivi. Kama usingesikia huo mlio, ningekuambia utoe flashi iliyosahaulika, ukaze nyaya mbili za diski na uingie BIOS kuona kama diski inatajwa. Lakini "tak, tak" ni vichwa vya kusomea vinavyohangaika ndani, na kila dakika inayowaka inaweza kukwaruza picha zako. Kufomati hakutibu chuma. Usiigonge, usiifungue, usiiweke kwenye friji.

Picha hizo zikiwa hazina nakala, mpelekee mtu mwenye kazi ya kuokoa data, naye aanze kwa kunakili diski nzima kwenye diski nyingine. Akianza kwa kusema "tupige Windows kwanza", chukua diski yako uondoke.