Mnaoanza kuchora nyumba za kupanga Dodoma, anzeni na bomba

Wadogo zangu mnaotoka chuo mkija kutafuta kazi hapa Dodoma, na nyie mnaochora ramani za ndugu na majirani, naomba niwape nilichojifunza kwenye hii kazi. Tangu serikali itangaze kuhamia huku mwaka 2016 kila mwenye kiwanja anataka vyumba vya kupangisha, na vingi vinajengwa kama mabehewa, mlango unatazamana na ukuta wa jirani, mtoto hana pa kuchezea na mama hana pa kuanika.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilichora nyumba ya familia sita, upande wa Nkuhungu, katikati nikaweka bustani ya wote, majani, viti vya zege, njia ya kokoto, mwenye nyumba akaipenda sana kwenye karatasi. Miezi kama minane baada ya watu kuhamia nikapita saa kumi jioni. Majani yamekauka, viti ukigusa vinaunguza, bodaboda mbili zimepaki pale pale katikati, mtu hakuna. Nikasikia sauti nyuma ya nyumba, kwenda kuangalia nikakuta kina mama wanne wamebanana kwenye kichochoro cha mita moja na nusu kati ya jengo na ukuta, mabeseni chini, mmoja anachambua mchicha, mwingine anamsuka binti yake, watoto wanapita kwa kuruka miguu ya watu. Kule ndo kulikuwa na bomba, nililificha nyuma lisiharibu sura ya nyumba, na kule ndo kulikuwa na kivuli kwa sababu ni upande wa mashariki.

Iliniuma, maana zile mita za bustani zililipiwa na mwishowe zinalipwa na wapangaji kwenye kodi. Tangu siku ile kabla sijagusa kitu kingine naweka bomba, karo la kufulia na kamba za kuanika, halafu ndo nauliza nyumba izunguke vipi. Watu hawatoki ndani ili wakae pamoja tu, wanatoka kwa sababu kuna kazi ya kufanya, na wakiwa kwenye kazi ndo wanaongea, ndo wanaangaliana watoto.

Sasa kivuli, hapa naomba mtulie kidogo. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini ya Ikweta, jua la mchana liko karibu utosini mwaka mzima, kwa hiyo linaloumiza ni la asubuhi na zaidi la jioni kutoka magharibi. Nyumba ndefu ilaze mashariki-magharibi ili madirisha yatazame kaskazini na kusini, bati likitokeza vizuri jua haliingii. Ila ukifanya hivyo peke yake ua wako jioni hauna kivuli. Mi siku hizi nachora herufi L, bawa refu la vyumba limelala hivyo, na bawa fupi liko magharibi ya ua, humo naweka mabafu, vyoo na stoo, vitu ambavyo vikipata joto hakuna anayelala humo. Kuanzia saa nane lile bawa fupi linaanza kumwaga kivuli uani na saa kumi watu wanakaa vizuri. Kuna upepo pia, wa kiangazi unaokuja na vumbi kutoka mashariki, upande huo usijenge ukuta mzima, weka tofali za maua, zile zenye matundu, upepo unapungua nguvu bila ua kuwa kama oveni.

Wagogo, wenyeji wa huku, walilijua hili zamani, tembe, nyumba yao ya asili, inazunguka ua, kuta nene za udongo, paa la udongo, na maisha ya mchana yako uani. Nendeni mkaone zilizobaki vijijini kabla hamjanakili ramani za Dar es Salaam, kule shida yao ni unyevu na huku yetu ni ukame, na usiku wa mwezi wa saba baridi.

Maji. Mvua hapa ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote ni Desemba mpaka Aprili. Bati la mita za mraba 100, hata ukitoa inayopotea, linakupa kama lita 44,000, yaani ndoo 2,200. Huwezi kuzihifadhi zote, simtanki ya lita 5,000 ni ndoo 250, familia sita wakitumia ndoo mbili mbili kwa siku wanakaa kama wiki tatu bomba likikatika. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu ambaye angenunua maji ya mkokoteni. Mvua ya kwanza iachwe imwagike, inaosha vumbi la miezi saba.

Kuhusu kushea, msilazimishe. Choo na jiko kila familia iwe na vyake, vidogo tu, vigeuziane migongo ili bomba moja lihudumie viwili, hapo ndo gharama inashuka. Luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kila familia yake, na ya taa za nje na pampu iwe peke yake, waelewane nani ananunua kabla hawajahamia, nimeona majirani wakinuniana mwaka mzima kwa umeme wa elfu tano.

Tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo ni nzuri, hazichomwi kwa kuni na hazili mota nyingi ya kuungia, ila zimwagiliwe siku saba kivulini, fundi akikwambia tatu zinatosha kataa. Na kiwanja chenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi, msingi wake muulize injinia, usikisie.

Jambo la mwisho, mti. Siku ya kuchimba msingi panda mwarobaini upande wa kaskazini wa ua, mita tano au zaidi kutoka kwenye msingi na chemba. Yale maji ya kumwagilia tofali yanayotiririka chini, mwambie fundi ayachimbie mfereji mdogo mpaka kwenye shina. Ujenzi wetu unasimama na kuendelea kadiri hela inavyopatikana, mwaka, miaka miwili, na wakati wote huo mti unakua. Kwenye nyumba yangu ya mwisho kule Nzuguni wapangaji wa kwanza walipohamia ulikuwa umeshalipita bati, na kamba ya kwanza ya nguo waliifunga hapo.