Soma Kifungu cha Haki Miliki Kabla ya Kupokea Fedha za Utafiti

Wiki iliyopita binti mmoja anayesomea shahada ya uzamili ya famasia aliniandikia: "Shikamoo dada. Kampuni ya dawa imejitolea kugharamia utafiti wangu. Nikubali?" Marahaba, mdogo wangu. Jibu langu si fupi.

Nilikuwa nikichunguza dondoo za mimea ya Tabora dhidi ya vimelea vya malale, ugonjwa wa usingizi. Mfadhili, kampuni ambayo sitaitaja, alilipia kemikali, jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, hata posho za waganga waliotuonyesha miti. Baadhi ya dondoo ziliua vimelea. Niliviona mwenyewe kwenye darubini vikipunguza mwendo hadi vikatulia, na hakuna atakayeniambia sikuviona. Kisha ikaja barua ya mistari miwili: vipaumbele vya kampuni vimebadilika. Kwa mujibu wa mkataba uliosainiwa na wakubwa wangu kabla sijaajiriwa, takwimu zote ni mali ya mfadhili, na mpaka leo siruhusiwi kuchapisha hata jedwali moja.

Wapo wanaosema nina kinyongo. Ninacho, lakini pia nina historia. Dawa iitwayo eflonithini ilibuniwa katika harakati za kutafuta tiba ya saratani, ikaonekana kutibu malale ya Afrika ya Magharibi na ya Kati (ya kwetu Tabora ni aina nyingine), na Marekani ikaiidhinisha kwa ajili hiyo mwaka 1990. Wagonjwa wake walikuwa wanavijiji wasio na kitu, hivyo uzalishaji ukasimamishwa katikati ya muongo huo, na madaktari wakabaki na melasoproli, dawa yenye sumu ya aseniki iliyoua takriban mgonjwa 1 kati ya 20. Mwaka 2000 eflonithini ikaidhinishwa tena Marekani, safari hii kama krimu ya kupunguza nywele usoni mwa wanawake. Wanunuzi walikuwa wamepatikana! Ilibidi Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani washinikize ndipo, mwaka 2001, mtengenezaji akakubali kuitoa bure kwa wagonjwa wa malale.

Hata hivyo sikushauri uzikimbie kampuni. Feksinidazoli, dawa nyingine ya malale iliyotelekezwa tangu miaka ya 1980, ilifufuliwa na DNDi, shirika lisilotafuta faida lililoanzishwa mwaka 2003, kwa kushirikiana na kampuni ya dawa ya Sanofi. Mwaka 2018 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliisajili, nayo humezwa kwa siku 10 tu bila sindano.

Kwa hiyo soma mkataba. Uliza takwimu ni za nani, na unaweza kuchapisha lini mfadhili akijitoa. Dai iandikwe kwamba akiacha mradi, matokeo yanarudi chuoni. Vijana wetu wanaona haya kuuliza mambo ya fedha mbele ya wageni, kana kwamba sayansi ni sadaka tunayopewa, ilhali miti ni yetu, wagonjwa ni wetu na usiku wa maabara ni wetu. Soma mkataba, narudia. Kisha nitumie rasimu kabla hujasaini. Nitaanza na kurasa za haki miliki.