Maswali Yenu ya Picha: Mtaa wetu unavunjwa nyumba moja moja, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimezaliwa Sinza na bado nakaa Sinza. Nyumba za chini za mtaani kwetu zinavunjwa moja moja, yanapanda maghorofa ya kupangisha na fremu za maduka. Nataka kuupiga picha mtaa kabla haujaisha. Nina simu tu. Itatosha? Nianzie wapi?
*H., Sinza*

JIBU: Marahaba mwanangu. Simu inatosha. Ongeza daftari na kalamu, na anza na mtaa mmoja tu, siyo Sinza nzima.

Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 1970, kwenye mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia uliogusa pia Kijitonyama, Mikocheni na Manzese. Ndiyo maana mitaa mingi ya kwenu imenyooka na nyumba zimepangana. Hiyo ni faida kubwa kwako. Anzia kona moja, tembea mpaka kona ya pili, piga kila nyumba ya mkono wa kulia, kisha rudi na upande wa kushoto. Usichague. Ile nyumba ya bati lenye kutu unayoiona haina maana nayo ipige, maana kwa kawaida ndiyo inayotangulia kuvunjwa.

Vijana wengi wanaoniletea kazi zao wananiletea bomoabomoa: tingatinga, vumbi, alama nyekundu ya X ukutani. Ni picha zenye nguvu, sikatai. Lakini hazimwonyeshi mtu nyumba ilikuwaje. Mwaka 2017, nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro zilipovunjwa kuanzia Kimara kupisha upanuzi wa kuelekea Kibaha, picha za kifusi zilizagaa kila mahali. Nimewauliza jamaa zangu wa Kimara wanionyeshe nyumba zao zikiwa bado zimesimama. Wengi wana picha ya harusi au ya kipaimara tu, kipande cha ukuta kinachungulia nyuma ya keki. Inaniuma sana, kwa sababu waliishi humo miaka na miaka.

Kwa hiyo piga nyumba ikiwa na watu wake, na ukishapiga ya mbali, sogea. Nyumba yetu ya zamani ina korido katikati na vyumba huku na huku. Barazani saruji imeng'aa pale watu wanapokalia na imebaki kavu pale wasipokalia; piga hapo, jua likiwa linaangaza kwa pembeni mng'ao unaonekana vizuri. Juu ya mlango kuna matofali ya matundu ya kupitisha hewa. Dirishani kuna nondo zilizochomelewa kwa mtindo wa jua linalochomoza au maua. Hizo nondo zipige kila moja peke yake. Leo zinawekwa aluminiamu na vioo vya kuteleza, na fundi aliyezikunja zile za zamani pengine bado yupo mtaani, kwa hiyo muulize na uandike anachosema.

Sasa namna ya kusimama. Vuka barabara, simama mkabala na mlango, shika simu wima kabisa. Ukiiinamisha nyuma ili kupata paa, kuta zitaonekana zinalala. Paa likikatika, rudi nyuma hatua kadhaa, usikimbilie ile 0.5 ya kupanua, inapinda pembe za nyumba. Ukishapata mahali, andika: "mkabala na nyumba namba fulani, nimeegemea nguzo ya umeme." Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina kibao cha namba, na mitaa ina nguzo za majina. Tumia namba hizo kuita picha zako, pamoja na tarehe. Ukuta ukianguka na kibao kinaanguka, na bila maandishi yako hakuna atakayejua ghorofa jipya limesimama juu ya nyumba ipi.

Suala la jua wengi hawalijui. Hapa Dar mwezi Juni jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo nyumba iliyotazama kusini inakuwa kivulini kutwa nzima. Desemba inageuka. Panga upande mmoja wa mtaa kwa Juni, wa pili kwa Desemba, na kila mwaka urudi mwezi ule ule, saa ile ile. Mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba jua la mchana linakuwa utosini na kivuli cha bati kinaanguka ukutani kote, basi siku hizo pumzika mchana, toka asubuhi.

Tarehe moja haingoji kalenda: ukiona lori limemwaga mchanga na kokoto mbele ya nyumba ya zamani, nenda siku hiyo hiyo. Kesho mafundi wako juu ya paa.

SWALI: Mzee wangu, shikamoo. Nikipiga picha huku Magomeni akina mama wa barazani wananiuliza nimetumwa na nani. Mmoja alisema nimekuja kuhesabu nyumba za kuvunja. Nifanyeje?
*R., Magomeni*

JIBU: Marahaba. Wana haki ya kuuliza. Magomeni wanakumbuka Kota, yale makazi ya zamani ya hapo: nyumba zilivunjwa, wakazi wakasubiri miaka mingi, hadi maghorofa yenye makazi 644 yalipozinduliwa Machi 2022.

Nenda kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe kwa mwenyekiti, kisha mjumbe akupitishe. Siku ya kwanza usitoe simu. Salimia, kaa, eleza. Ukishapiga, chapisha picha ya nyumba na umpelekee mwenye nyumba mkononi. Ukifanya hivyo kwa nyumba mbili tatu, wengine watakuita wenyewe. Sura za watu na namba za magari usizitoe hadharani bila ruhusa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023. Na vituo vya polisi na kambi za jeshi usivielekezee simu.

SWALI: Picha zangu zote ziko kwenye simu na kwenye magrupu ya WhatsApp. Inatosha?
*Msomaji, Kijitonyama*

JIBU: Haitoshi. WhatsApp inabana picha, maandishi ya kwenye kibao hayasomeki tena. Ukilazimika kuituma huko, itume kama dokumenti. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1930, na Unguja ya enzi zake tunaiona leo kwa sababu picha zilitunzwa. Weka nakala moja kwenye intaneti, nyingine kwenye flashi, na zile bora zichapishe, nyuma uandike mtaa, namba na tarehe kwa penseli. Flashi mpe dada yako akae nayo kwake, isiwe begi moja na simu.